Kibanda Chekundu Nilichomjengea Binti Yangu

Mdogo wangu wa damu alikata mlango wa binti yangu kwa grinda yangu mwenyewe ya kukatia vyuma, mchana kweupe, mtaa mzima ukimshangilia.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Nilichokuwa nawaza ni kwamba anakata vibaya. Diski ameilaza mno, ikipasuka itamrukia usoni.

Basi. Hakuna kingine.

Watu huniuliza ulijisikiaje siku ile. Nawaambia sijui. Wanadhani naficha. Sifichi kitu, ndivyo ilivyo. Ngoja niwasimulie tangu mwanzo, mtaona wenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, matangi ya maji, vitanda vya chuma. Shule niliiacha mapema, mimi na daftari hatukuelewana. Karakana yangu iko barabarani, na mdogo wangu ndiye ninayefanya naye kazi. Nilimfundisha mimi, tangu hajui kushika koleo.

Nina mke na binti mmoja. Binti tunamwita Bosi.

Jina alipewa karakanani. Akija pale na mama yake haongei na mtu, anapita anakagua vyuma. Bomba likilala upande analinyoosha. Ukilipindisha tena, anarudi analinyoosha. Mafundi wakawa wanasema, "Jamani, Bosi amefika, nyoosheni kazi." Jina likaganda. Hata mimi sasa naitwa Baba Bosi.

Bosi ana usonji. Haongei. Ukimwita haitiki, lakini anasikia, tena anasikia kupita kiasi. Pikipiki ikipita, kwake ni kama imepita ndani ya kichwa. Anaziba masikio. Zikizidi, anajipiga kichwa ukutani.

Na mtaa wetu, we acha tu. Kuna mashine ya kusaga. Kuna duka la mama mmoja ambalo redio yake haijawahi kuzimwa tangu alipoinunua.

Ushauri tulipewa wa kila aina. Mama mkwe alisema mtoto amedekezwa. Jirani alisema ana pepo. Kinyozi alisema achapwe kidogo tu, ulimi utafunguka. Kinyozi huyo ana watoto wanaongea mpaka usingizini, na wote anawachapa, kwa hiyo sijui alikuwa anatibu nini.

Siku moja nilikuwa natengeneza tangi la chuma la mteja. Mdogo wangu akawasha grinda bila kujua Bosi yupo. Mtoto akatoweka. Tulimtafuta mpaka mama yake akaanza kulia.

Alikuwa ndani ya tangi.

Amekaa, magoti kifuani, ametulia. Nilikuwa sijawahi kumwona ametulia vile. Mke wangu akaniambia, "Baba Bosi, usimtoe. Mwache."

Nikamwacha. Mteja akaja kuchukua tangi lake, nikamwambia halijakamilika. Akachungulia ndani, akaona miguu ya mtoto, akasema atarudi wiki ijayo.

Ndipo nikaamua kumjengea chake.

Nilikijenga uani, kinamtosha mtu kukaa na kulala. Fremu ya chuma, mabati pande zote, ndani magodoro mpaka juu, na matundu ya hewa chini na juu. Juu yake nikaweka kivuli cha makuti ili jua lisikichome. Mdogo wangu alinisaidia. Mlango tuliuchomelea pamoja, na komeo alilifunga yeye.

Alilifunga nje.

Mimi pia sikuona tatizo. Maisha yetu yote tunafunga makomeo, hatujawahi kujiuliza yupo nani upande wa pili.

Mwalimu wa Bosi alipokuja kukiona ndiye aliyegutuka. Anafundisha shuleni kwao, kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Alizunguka kibanda chote, akakisifia, akashika komeo.

"Hili la nini, baba?"

"La kufungia."

"Kumfungia nani?"

Nikalivuta komeo, nikalirudisha.

"Afunge yeye," akasema. "Aingie akitaka, atoke akitaka. Ukifunga wewe hii ni jela, hata uweke magodoro ya hoteli."

Wiki ile ile nikalikata lile komeo la nje, nikaweka dogo kwa ndani. Nilifanya peke yangu, Jumapili, Bosi akiwa kwa bibi yake. Mdogo wangu hakuwepo. Sikumwambia, maana sikuona kama ni habari ya kumwambia mtu.

Kosa la pili lilikuwa rangi.

Kila chuma, kabla ya rangi yenyewe, hupakwa rangi ya chini ya kuzuia kutu. Ni nyekundu, nyekundu ya udongo. Nilipanga nikipake bluu baadaye. Lakini Bosi alikiona kikiwa chekundu. Nilipofungua kopo la bluu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nikafunga kopo.

Kwa fundi, kile ni chuma ambacho hakijamalizika. Kwa mtaa, ni chumba chekundu, hakina dirisha, na mtoto asiyeongea anaingizwa humo kila mchana.

Na mwezi huo huo nikapata kazi ya mageti ya shule.

Unaona sasa.

Mama wa duka ndiye aliyeanza. "Jamani, kazi zote zinamwendea yeye tu? Akili ya mtoto imekwenda wapi? Si ndiyo hiyo inaleta tenda!"

Nikienda kununua sabuni, watu wananyamaza. Nikitoka wanaendelea. Siku moja nikarudi dukani ghafla, nikamuuliza, "Mama, kama akili ya binti yangu inaleta tenda, mbona bado nakopa sabuni kwako?"

Wakacheka. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha.

Siku yenyewe nilikuwa kwa mteja nafunga dirisha. Kinyozi akanipigia simu. "Baba Bosi, kimbia nyumbani. Kimenuka."

Nilikuta ua umejaa. Watu juu ya ukuta, watoto juu ya mti. Gari la ustawi wa jamii limesimama nje. Mke wangu amesimama mbele ya kibanda ametanua mikono, kilemba kimemdondoka, wanawake wawili wanamvuta.

Na mdogo wangu ameshika grinda. Umeme wameuvuta kutoka dukani.

Afisa ustawi alikuwa mama mtu mzima, miwani, mkoba begani. Akaniambia ameletewa taarifa kwamba nimemfungia mtoto ndani ya chuma, na amekuja kumchukua.

"Kumchukua kwenda wapi?"

"Kwenye nyumba ya watoto. Mpaka mambo yajulikane."

Nyumba ya watoto. Vitanda vimepangana, watoto wanalia, sahani zinagongana, watu wapya kila siku. Bosi asingemaliza hata siku tatu mle.

Nikamwambia, "Mama, mtoto hajafungiwa. Ameingia mwenyewe kwa sababu ya hizi kelele. Komeo liko ndani."

Mdogo wangu akadakia. "Uongo! Komeo lilikuwa nje, nililifunga mimi kwa mkono wangu. Njoo uone, mama. Limekatwa. Hii hapa alama ya grinda. Ameng'oa komeo, ameuchomelea mlango!"

Na alama ilikuwepo kweli. Umati ukaguta.

"Kaka," akaniambia, macho yamemtoka, "umemchomelea mtoto ndani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba haigizi. Aliamini kabisa.

"Nimelihamisha," nikasema. "Liko ndani."

"Mtoto asiyejua hata kusema maji atajifungiaje?" mama wa duka akapaza sauti.

Afisa akanitazama. "Mwambie afungue, basi."

"Hatafungua watu wakiwa wanapiga kelele. Waondoe. Wanyamaze tu. Atatoka."

"Atatoka lini?"

"Akitulia."

"Lini, baba?"

"Sijui."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililoniangusha. Afisa akageuka kwa watu, akanyoosha mkono juu. "Naomba ukimya!"

Walijaribu, sitawasingizia. Kikapita kitambo kidogo. Kisha simu ya mtu ikaita, wimbo wa harusi. Watoto juu ya mti wakacheka. Mtu akasema, "Sss!" Mwingine akasema, "Sss wewe!" Wakaanza kugombana.

Ndani kukasikika kishindo. Kichwa kwenye godoro. Tena. Tena.

"Anakufa humo!" mtu akapiga yowe.

Afisa alikuwa amebanwa. Chuma, mchana, mtoto anajigonga, baba anasema sijui. Simlaumu. Akasema, "Kateni."

Grinda ikawaka.

Mnajua mlio wa grinda kwenye bati. Sasa uwe ndani ya hilo bati. Uwe wewe ambaye pikipiki tu inakuumiza.

Mke wangu alipiga kelele hata baada ya sauti kumwishia. Mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Mimi nilikuwa natazama cheche na kuwaza juu ya diski.

Bawaba ya juu ikakatika. Ya chini ikakatika. Mlango haukuanguka. Uliinama ukaning'inia upande mmoja.

Ulining'inia kwa sababu kwa ndani komeo lilikuwa bado limefungwa.

Grinda ikazimwa. Mara hii ukimya ulipatikana bila kuombwa.

Afisa akainama, akalishika lile komeo kwa vidole viwili. Akalichomoa. Akalirudisha. Akalichomoa tena.

Bosi alikuwa kwenye kona, amejikunja, amejilowesha, mdomo unatoka damu alipojing'ata. Afisa akanyoosha mkono kumshika. Bosi akatoa sauti ambayo sitaieleza.

Yule mama akarudisha mkono wake. Akaketi chini kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini. Akakaa hapo bila kumtazama mtoto. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Waambie watu watoke."

Wakatoka. Mama wa duka alikuwa wa kwanza, anavuta waya wake wa umeme.

Mdogo wangu alibaki na grinda mkononi. "Kaka. Ulilihamisha lini?"

"Mwezi uliopita. Mwalimu wake alisema."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Afisa alikaa pale mpaka jua likageuka, na Bosi akatoka kwa miguu yake, akapita katikati yetu, akaingia ndani ya nyumba. Akajisukuma chini ya kitanda chetu.

"Abaki nyumbani," afisa akasema akijikung'uta. "Nitakuja kumtembelea. Nikija, nisimame wapi ili nisimtishe?"

Katika watu wote, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Binti yangu hawakumchukua. Lakini kibanda walikichukua. Nilirudisha bawaba, nikanyoosha bati, ukipitisha mkono huwezi kujua paliguswa. Bosi anakipita kama mtu anavyopita nyumba ya watu asiowajua. Zikizidi kelele anakwenda chini ya kitanda, ambako anasikia kila kitu. Ameanza tena kujigonga.

Mke wangu analia. Mimi nakwenda kazini.

Mdogo wangu hakutokea karakanani kwa siku kadhaa. Sikumtafuta. Kisha asubuhi moja akaja, amembeba mwanawe wa kiume mabegani. Ana miaka mitatu hivi. Nilikuwa nakata mabomba.

Akasimama mbali kidogo.

"Kaka, mimi ndiye niliyewaita ustawi."

"Najua."

Sikuwa najua. Nilisema tu.

"Si kwa ajili ya Bosi," akasema. "Huyu. Huyu wangu. Ukimwita haitiki. Alikuwa na maneno mawili matatu, yamepotea. Anapanga vifuniko vya chupa mchana kutwa. Mama wa duka akaniambia kile kibanda chekundu ndicho kinachokula watoto wa ukoo wetu. Kikibaki, na wangu anakwenda. Nilijua unamtesa Bosi, na nilijua wangu anafuata. Nikasema nikikate kabla hakijammaliza."

Nilingoja hasira ije. Nilingoja kweli. Haikuja.

Nilichoona ni yule mtoto huko mabegani. Ameziba masikio yote mawili, amekunja uso, na baba yake anaendelea kuongea bila kujua kilicho juu ya kichwa chake.

Mashine yangu ilikuwa bado inazunguka. Nikaizima.

Mtoto akashusha mikono.

Mdogo wangu akaona. Akanitazama, akamtazama mwanawe, akakaa chini kwenye rundo la vyuma.

"Atapona?"

"Si malaria. Haponi, anakua. Anakua hivyo alivyo, ukimsaidia."

"Nimekosa nini mimi? Mke wangu amekosa nini?"

"Hamna mlilokosa. Wala mimi. Mpeleke hospitali wamtazame, halafu nitakupeleka kwa mwalimu."

"Na sasa hivi nifanye nini?"

"Sasa hivi mshushe. Hapendi kubebwa hivyo."

Akamshusha. Mtoto akazunguka kidogo, akakuta bomba limelala upande, akalisukuma kwa mguu. Halikunyooka. Akalisukuma tena. Sisi wawili tukamwacha.

Ndugu yangu unayesoma, mimi sina elimu ya kukufundisha. Nitasema niliyoyaona. Hakuna aliyekuja uani kwangu akiwa na chuki na mtoto. Wote walikuja kumwokoa, na wote walikuja wakipiga kelele. Ukimwona mtoto anajipiga kichwa, usiulize wazazi wake wamemtoa kafara kwa nani. Usilete pepo, usilete fimbo, usilete umati. Zima redio. Sogea mbali. Kisha mfuate mama yake, umuulize mtoto wake anapenda watu wasimame wapi.