Anayeisindikiza Sauti ya Dada Yake

Saa tatu asubuhi, ukumbi ungali na usingizi. Jua limepenya pazia na kujilaza juu ya piano, na vumbi linaelea humo taratibu kama lisilo na pa kwenda. Mpiga piano amevua viatu. Anasema kanyagio hulisikia vizuri kwa soksi.

Kitendawili: namfikisha mgeni mlangoni, makofi anapigiwa yeye. Ni huyu mama hapa, msindikizaji.

"Mwimbaji akipatia, kaimba vizuri," anacheka. "Akikosea, piano ilikuwa na kelele!"

Kwa miaka ishirini na sita amesindikiza waimbaji, na kukaa na wapiga fidla wawili watatu katika vyumba vidogo, wakisikilizana kama watu wanaokula sahani moja. Kodi ya nyumba hutoka kwa watoto anaowafundisha jioni. Kupiga peke yake hakujawahi kumvutia. "Nizungumze na nani?" anauliza.

Leo anamngoja dada yake, mwimbaji. Mwaka jana dada huyo alipasuliwa koo. Jumamosi ndiyo mara yake ya kwanza kusimama tena mbele ya watu, naye ameapa: sauti ikikatika pale wimbo unapofika juu kabisa, hataimba tena maishani.

Dada anaingia na chupa ya maji ya uvuguvugu. Wanaanza. Mpiga piano hamtazami usoni, anamtazama mabega. Yakiinuka, pumzi imeingia, navyo vidole vinashuka. Wimbo unapanda, unapanda, unatua juu kabisa kama unyoya.

Dada anamgeukia.

"We mdogo wangu, umenishushia wimbo."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Umeupiga nusu hatua chini ya sauti yake ya zamani. Nilipasuliwa koo, sikupasuliwa masikio."

Mdogo mtu anainama. "Nilitaka ufike, dada."

"Haya, nirudishe palepale pa zamani, tuone."

Wanarudia. Kule juu sauti inachanika kama kitambaa kikuukuu. Mpiga piano haachi. Anabembeleza sauti mbili tatu za chini za piano, tena na tena, kama anayemshikia mlango mwenzake aliyejaza mizigo mikononi. Dada anafuta macho kwa kiganja.

"Shusha," anasema. "Ila safari hii nimekutuma mimi."

"Na kile kiapo?"

"Kiapo ni cha Jumamosi. Leo si Alhamisi?"

Wanacheka mpaka wimbo unawapotea, wanautafuta, wanaupata. Sasa sauti ni nzito zaidi, ya mtu aliyekwenda mbali akarudi, na ukumbi mtupu unaipokea.

Dada anapotoka kwenda kunywa chai, mpiga piano anabaki akigusa vitufe bila kuvibonyeza.

"Natamani tuzeeke hivi hivi," anasema. "Akishuka, nashuka naye. Na siku akikataa kuimba, sitamsihi. Nitakwenda kwake asubuhi, nipige piano yake polepole tu, yeye akiwa jikoni. Huenda akajisahau, akaanza."