Nilimshtaki Nicole kwa Kulisha Koyote

Mume wangu Nyakundi alianza kutoka nyumbani alfajiri na mapaja ya kuku mabichi.

Anarudi mikono mitupu, anatabasamu peke yake.

Mimi nauguza wazee, shifti mbili kwa siku. Yeye kazi yake ya ghala kule Brampton, hapa Kanada, ilikuwa imeisha, yuko tu nyumbani. Nikajiambia, huyu ana mtu anampelekea kuku.

Na mtu mwenyewe nilimjua. Nicole, wa ghorofa ya chini. Mara mbili niliwakuta kwenye lifti wakinong'ona. Wakiniona, kimya.

Wivu ukaniingia. Namgeuza mgonjwa kitandani, akili yote iko kwa Nicole.

Wiki hiyo tangazo likabandikwa mlangoni: kuna mtu analisha koyote, yule mbweha mkubwa wa huku, bondeni nyuma ya jengo letu. Sheria ya jiji inakataza. Na mnyama ameanza kufuata watoto wa shule.

Nikaona mwanya. Nikapigia jiji simu.

"Ni Nicole. Nimemwona kwa macho yangu."

Uongo mtupu.

Jumamosi mchana afisa akabisha hodi. Kwetu, si kwa Nicole! Akanionyesha picha ya kamera ya bondeni.

Nyakundi, amechuchumaa, anamrushia koyote kuku.

Nikamwita Nyakundi mlangoni.

Afisa alipomwandikia faini na kuondoka, nikauliza, "Na Nicole je?"

"Alinifuma mwezi uliopita. Kila tukikutana ananisihi niache kabla sijashikwa."

"Nyakundi, lakini kwa nini?"

"Katunge, wewe ukifika umechoka, unalala. Yule mnyama alikuwa akiniona anakuja mbio."

Wallahi, heri angesema ana mwanamke.

Siku tatu baadaye koyote alimng'ata mtoto mkono. Watu wa jiji wakamuua huyo koyote. Nyakundi alilia kama aliyefiwa.

Nilishuka kwa Nicole kuomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango polepole. Hadi leo hatusalimiani.

Jamani, sheria ile si roho mbaya. Ukimlisha mnyama wa porini unamwondolea woga wa watu, halafu yeye ndiye anakufa.

Na wewe mwenye wivu kama wangu, kabla hujamtafutia mumeo mwanamke, jiulize mara ya mwisho mlikaa mkaongea lini.