Mlango Bila Komeo

Baada ya kaka yangu kuzikwa makaburini Lang'ata, Nairobi, mama alikataa kabisa mlango wetu ufungwe kwa komeo. Naitaja Lang'ata kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na aibu yenyewe. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya hatuzikwi mjini. Tunarudishwa nyumbani, tunalazwa uani karibu na babu. Lakini kiwanda kilikuwa kimemwachisha baba kazi, na gari la kubeba maiti hadi kwetu halikupatikana.

Kwetu wanaamini kwamba mtu akizikwa ugenini hatulii. Humjia mzazi wake, analalamika, anadai arudishwe kwao. Mama alikuwa akilingoja lalamiko hilo. Kaka hakumjia usingizini, basi mama akasema labda atakuja kwa mlango, na asikute umefungwa.

Mtaani Shauri Moyo, miaka ya tisini, mlango bila komeo! Baba alimwonya kwamba wezi hawabishi hodi. Siku moja akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, methali ambayo hata mimi, binti mdogo, niliona haifai kutajwa katika nyumba ya msiba.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, jirani yetu, mchonga vinyago kutoka Ukambani, alituita kwake mama na mimi, pamoja na majirani wengine, tutazame televisheni. Ilitumia betri ya gari, na picha ilipoyumba aliipiga kofi ubavuni. Filamu ilikuwa ya zamani, ya kuchekesha, na mtangazaji alisema ilitokana na mchezo wa jukwaani. Ilionekana. Watu wote walishinda sebuleni mwa jumba moja kubwa, huyu akiingia kwa mlango huu, yule akitokea kwa ule, wasionane mpaka wagongane. Jumba lilisemekana lina mzimu. Kiingereza chao kilikuwa cha puani, basi jirani akawa anatufasiria, na pale asipoelewa alitunga yake, tena yenye utamu zaidi.

Watu walivunjika mbavu. Mpishi alijificha ndani ya saa kubwa, ikawa inapiga chafya kila mzimu unapopita, na mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama hakucheka. Alikuwa ameketi mbele kabisa, na mlango wa jumba ulipojifungua polepole, bila mtu, aliinama akaukaribia, midomo ikimcheza. Hapo nikaelewa kwamba yeye hakuwa akitazama vichekesho. Nilitamani kuizima televisheni ile, lakini kwa watu huna amri.

Mwishowe mzimu ukakamatwa. Mpishi aliivuta shuka nyeupe, na ndani alikuwa mpwa wa marehemu mwenye jumba, akiwatisha wenzake ili arithi peke yake. Chumba kizima kikapiga makofi. Jirani akamgeukia mama. Zamani alimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama majirani wote. Tangu msiba hakuna aliyethubutu.

"Umeona, mama?" akasema kwa wema. "Usiogope. Hakuna mzimu hapo. Ni mtu tu."

"Hata ule mlango, vile ulifunguka pole pole?"

"Hata huo. Ni yeye alikuwa anavuta na kamba."

Mama alimshukuru kwa chai, akajifunga leso, tukavuka uwanja kurudi kwetu. Nilitaka kumwambia kwamba ile ni filamu ya wazungu, haijui lolote kuhusu wafu wetu, lakini sikuwa na hakika mimi mwenyewe ninaamini nini.

Alipoingia tu, kabla hata ya kuvua leso, alilishika komeo. Lilikuwa limeota kutu, likagoma, akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka likaingia. Baba alikuwa kitini. Miezi yote ile alikuwa akiligombea komeo hilo. Sasa alilitazama, kisha akamwomba mama kwa sauti ya chini aliache wazi, hata kama ni kwa leo tu.

"Nani atakuja?" mama akasema, akaketi kuchambua mboga.