Mmea Uliokataa Samadi

Tangu Wilbert apigwe na kiharusi, wageni waliobisha hodi nyumbani kwake Kamachumu waliambiwa na mkewe, Alistidia, kwamba amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha mbao, akiutazama ukuta. Mkono wa kulia haukufanya kazi na maneno yalimtoka vipande vipande. Zamani mtu akipita njiani hakuondoka bila kubishana naye. Sasa hata kuitikia salamu kulimshinda, na Alistidia hakutaka watu walione hilo.

Siku moja walitoka kliniki mjini Bukoba, wakawa wanasubiri gari kando ya meza ya Shadya, binti anayeuza maua kwenye makopo. Nzi alitua kwenye mmea mdogo wenye vinywele vyekundu, kila kinywele na tone lake. Akanasa. Wilbert aligeuza shingo, akamtazama nzi akipapatika, kisha akacheka. Alistidia alikuwa amekwisha kuusahau mcheko ule. Akanunua miche miwili.

"Huu mimi nauita mmea wa umande," Shadya alisema. "Mama, kopo likae kwenye kisahani chenye maji ya mvua. Ya bomba hapana. Upate jua. Na mbolea usitie kabisa."

Alistidia aliitikia ili yaishe. Nyumbani alichokoa udongo wa kwenye kopo kwa kidole, akakuta mchanga mtupu, kama wa rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya mashamba ambako migomba haioti. Tangu aolewe alikuwa akikitunza kibanja cha migomba na kahawa, na kukitunza maana yake ni kukilisha: nyasi hukatwa rweya zikaletwa kibanjani, samadi ya ng'ombe ikafuata. Kukileta kitu chenye uhai nyumbani na kukinyima chakula aliona ni uchoyo. Alifikicha samadi iliyooza mpaka ikawa laini, akaitia kwenye makopo yote mawili, akayapanga dirishani mbele ya mumewe.

Siku za mwanzo Wilbert hakuutazama ukuta. Nzi akiingia, alimfuata kwa macho kama mtu aliye uwanjani kwenye mpira. Kisha matone yakakauka. Majani yakawa meusi kuanzia nchani, mche mmoja ukalala kabisa, na Wilbert akarudi kwenye ukuta wake.

"Migomba yako inakuzidi kimo," alisema jirani yake, Kokugonza, akichungulia dirishani, "halafu unashindwa na kitu cha kujaa kijiko?"

Alistidia alimpigia Shadya simu.

"Umeupa nini, mama?"

"Nilichoipa migomba yangu yote."

"Huo unakula kwa majani. Mizizi yake ukiilisha, unaiunguza. Katikati pana kijani?"

"Kwenye mmoja, kidogo."

"Uhamishe leo. Mchanga, udongo usio na rutuba, maji ya mvua. Halafu uuache."

Kuuacha ndiko kulikokuwa kugumu. Alichukua beseni akaenda rweya, akachota mchanga kwenye bonde dogo linalovuja maji. Kokugonza alimkuta njiani akirudi.

"Waitu, ndugu yangu, tangu lini udongo unatoka rweya kwenda nyumbani? Watu watasema kibanja cha baba mkwe kimekushinda."

"Waseme," Alistidia alisema, akapita.

Aliuhamisha mche uliobaki, akakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Jani jipya lilichomoza, lakini lilikuwa limepauka, refu, bila tone hata moja. Jua la dirishani halikutosha. Alipoutoa mche nje, Wilbert alipiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima mpaka Alistidia akaurudisha. Kesho yake ikawa vilevile. Alistidia alisimama katikati ya sebule na kopo mkononi, na hapo akaona kwamba hakuna namna ya tatu. Mmea ukikaa ndani utakufa. Ukitoka, Wilbert atatoka nao, na barabara iko pale pale mbele ya nyumba.

Alimvalisha shati la Jumapili. Akamshika kwapani, wakatoka taratibu, akamketisha kwenye kiti barazani, na kopo juu ya kigoda, juani.

Kwa asubuhi kadhaa waliopita walisalimia kwa mbali, Alistidia akawaitikia kwa niaba ya mumewe. Jani likawa jekundu. Vinywele vikaanza kung'aa. Kisha akaja Damian, mbishi mwenzake wa zamani, akaingia mpaka barazani na kumsalimu Wilbert mwenyewe. Alistidia alifungua mdomo kusema kwamba mzee amechoka.

Wilbert hakuitikia salamu. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye kopo.

"Ki… kinakula."

"Kinakula nini hicho?"

"Nzi."

Damian aliinama, akatazama, akainuka. "Mwongo wewe. Ugonjwa haujakubadilisha."

"Kaa," Wilbert alisema. Neno lilitoka zima. "Kaa. Uta… utaona."

Mate yalimchuruzika kidevuni. Alistidia alikuwa na kitambaa mkononi, lakini hakusogea. Damian alivuta kigoda kingine, akaketi, na wazee wawili wakaanza kumngoja nzi.