Fundi Bomba na Chandarua cha Dada

Fundi bomba wetu hana haraka na dari ya mtu. Huigonga kwa kifundo cha kidole, huitegea sikio, hufuta mkono kwa kitambaa cha begani hata kama haujachafuka, ndipo atoboe. Bei yake huitaja mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Ulie, ucheke, haongezi neno. Hutazama juu, utadhani bei imeandikwa huko.

Jana alirudi kukagua vinyunyizio alivyotufungia darini, vile vinavyofunguka vyenyewe na kumwaga maji chumba kikishika moto. Sebuleni safi, jikoni safi. Chumbani kwa dada yangu akasimama mlangoni: dada alikuwa amefunga chandarua kwenye kinyunyizio, tena kwa fundo la nguvu. “Si kiko juu ya kitanda hasa?” dada akajitetea. “Hela yote ile, angalau kifanye kazi. Moto wenyewe uko wapi?” Nilidhani fundi atafoka. Akapanda ngazi, akalifungua fundo kwa kucha, taratibu, asikate hata uzi. Akatoboa tundu pembeni, akafunga ndoano, akakitundika chandarua vizuri kuliko mwanzo. “Dada,” akasema huko huko juu, “hiki ulikinunua siku uliyougua malaria?” “Nani, mimi? Malaria haijawahi kuingia nyumba hii!” Fundi hakuongeza neno. Alitazama juu. Dada naye akatazama, kisha akamshikia ngazi ashuke.