Maziwa Yaliyofaulu Kipimo

Alhamisi tarehe 6 Machi 1975, Lambert Noordhof, mfugaji wa New Assen kaskazini mwa Michigan, alipokea barua ya maabara iliyosema kwamba mafuta ya ng'ombe wake yana sehemu 0.27 kwa milioni za unga wa kuzuia moto. Kikomo cha serikali ni sehemu 0.3. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, ng'ombe wake sitini na mmoja walikuwa salama na maziwa yao yaliruhusiwa kuuzwa.

Aliisoma barabarani, amesimama kwenye sanduku la posta, theluji ikimfika kwenye vifundo. Kisha akaikunja, akarudi zizini kumsaidia kusimama ng'ombe aliyekuwa amelala tangu jana yake.

Lambert ana miaka hamsini na minne. Amezaliwa katika nyumba hiyo hiyo anayoishi, na tangu akiwa na miaka tisa ameamka saa kumi na nusu alfajiri kukamua, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Ng'ombe wake anawajua kwa mama zao na bibi zao. Kwa hiyo alikuwa wa kwanza kuona, majira mawili ya baridi yaliyopita, kwamba wanaacha chakula horini. Maziwa yakapungua. Kwato zikarefuka na kupinda kwenda juu, hata wengine wakawa wanatembea kwa visigino. Ngozi ya shingo ikawa nene, yenye mikunjo. Mwaka jana walizaliwa ndama kumi na tisa, wakapona saba.

Yeye mwenyewe akaanza kusinzia. Hakuwa mtu wa kulala mchana, lakini mkewe, Jantina, alimkuta mara mbili kwenye trekta katikati ya shamba, injini ikinguruma, kidevu kifuani. Magoti yalimuuma asubuhi kiasi cha kushuka ngazi kinyumenyume. Daktari alimwambia apumzike na apunguze mawazo. Jantina alisema daktari huyo bila shaka hajawahi kumwomba ng'ombe ruhusa ya kupumzika.

Sababu ilijulikana masika ya mwaka jana, ikaandikwa magazetini, na kila mtu New Assen anaweza kuisimulia huku anakula. Kiwanda kimoja kilitengeneza unga wa aina mbili. Wa kwanza ulichanganywa kwenye chakula cha ng'ombe ili kutuliza matumbo yao. Wa pili ulichanganywa kwenye plastiki ya vitu vya nyumbani, migongo ya televisheni, maganda ya redio na simu, ili visishike moto upesi. Majina ya aina hizo mbili yalifanana mwishoni. Mifuko ikachanganywa, na unga wa plastiki ukaenda kwenye vinu vya chakula cha mifugo. Mifuko yenyewe haikumfikia Lambert. Chakula alichonunua yeye kilikuwa safi, ila kilisagwa kwenye mashine iliyokuwa imeusaga unga ule na haikuoshwa vizuri. Ndiyo maana kwake ulikuwa kidogo.

Kidogo hicho ndicho kilichomfunga. Klaas Meekhof, mdogo wake Jantina, anayefuga maili mbili kutoka hapo, alipimiwa ng'ombe wake wakati mmoja na wengine wa mwanzo, wakaonekana na sehemu nne. Malori ya serikali yakaja kuwachukua, wakauawa na kufukiwa kwenye shimo la pamoja huko msituni. Klaas akalipwa fidia, akapasua sakafu ya zizi, akamwaga saruji mpya na kununua ng'ombe wengine. Lambert aliomba kupimiwa mara ya pili. Jibu likaja baada ya siku chache, 0.24. Kanisani, wakati wa kupitisha pipi za mnanaa kutoka benchi hadi benchi kabla ya mahubiri, watu wawili walimshika mkono kumpongeza.

Jumapili ya tarehe 16, baada ya ibada, Klaas alikuja kunywa kahawa kama ilivyo desturi. Jantina aliweka vikombe, akaweka biskuti, kisha akaweka mezani kopo la maziwa ya unga lenye picha ya kijiko. Klaas aliligeuza mkononi.

"Dada, ng'ombe wenu wamegoma?"

"Kunywa, itapoa."

"Nyumba ya ng'ombe sitini na mmoja, mgeni anakaribishwa kwa kopo. Mama angekuwa hai angerudi kwao."

Alingoja wacheke. Lambert alikuwa anatazama kahawa yake, nayo ilikuwa nyeusi, bila tone la maziwa. Klaas akalirudisha kopo mezani taratibu, akauliza tangu lini.

Jantina alijibu kwamba ni tangu Krismasi. Binti yao, Carol, alikuja kutoka Grand Rapids na mtoto wa miezi saba, akaomba maziwa ya kumkorogea uji. Jantina alikwenda na jagi hadi kwenye tangi la kupoozea, akasimama hapo, kisha akarudi nalo tupu, akachukua ufunguo wa gari. Hakununua New Assen, ambako muuza duka ni mshirika wa kanisa lao. Aliendesha maili kumi na nne hadi mji wa pili, na hata huko alijaza kikapu sabuni na nyuzi za kushonea ili chupa zile zisionekane kirahisi. Tangu siku hiyo, maziwa ya zizini hayajaingia jikoni. Lambert hakuuliza, naye hakusema. Mume alianza tu kunywa kahawa kavu.

"Lakini lori la maziwa linakuja," Klaas alisema.

"Linakuja kila baada ya siku moja, isipokuwa Jumapili," alisema Lambert.

"Na wewe unawajazia."

"Nawajazia."

Klaas alikula biskuti yake yote kabla ya kusema tena. Alishauri shemeji yake awapeleke ng'ombe mnadani, mbali kidogo, kusini. Karatasi anayo, tena mbili. Sheria haina neno. Lambert akamuuliza ni nani atakayewanunua.

"Mtu asiyekujua, shemeji."

Hapo Jantina aliondoa vikombe, ingawa cha Klaas kilikuwa bado nusu.

Jumanne lori la maziwa lilifika saa tatu asubuhi. Dereva wake, Duane Fitch, ni kijana wa New Assen mwenye maneno mengi, na kwa miaka sita amevuta maziwa ya Noordhof bila kuona kosa. Alinusa, akapima joto, akachukua sampuli, akaanza kuunga bomba. Lambert alikuwa amesimama mbele ya koki. Alimuuliza maziwa hayo yanakwenda wapi.

Duane alisema kiwandani, mzee, kwani wapi pengine. Lambert alisema hilo analijua, anauliza baada ya hapo. Duane akaeleza kwamba yanaingia kwenye tangi moja kubwa pamoja na ya wafugaji wengine arobaini, na baada ya hapo hata Mungu hawezi kuyatenganisha.

"Usijali, mzee. Yako yakishachanganyika na ya wengine, hayo madogo yako hata hayaonekani."

"Na ya wengine yakishachanganyika na yangu?"

Duane alicheka, kisha akaona mzee hasogei. Mwishowe Duane alilikunja bomba lake, akasema itabidi aandike sababu kwenye fomu. Lambert alimwambia aandike kwamba mwenye maziwa hayanywi.

Galoni zote zilizokuwa kwenye tangi alizimwaga kwenye shimo la samadi. Hakuzimwaga mtaroni, kwa sababu mtaro wake unaishia kijitoni, na kijito kinapita kwenye mashamba ya watu. Anajua vilevile kwamba samadi huishia shambani. Hakuwa na mahali pengine.

Tangu siku hiyo ni wiki tano. Ng'ombe hawaelewi uamuzi wa mtu, na kiwele kikijaa kinauma, kwa hiyo Lambert anaamka saa kumi na nusu, anakamua, anamwaga, anaosha mashine, analala kwenye kiti, anaamka saa kumi jioni, anakamua na kumwaga tena. Ushirika wa maziwa umemwandikia kwamba mkataba wake umekatika. Jantina amepata kazi ya kupika katika shule ya mji ule wa pili, na siku ya kwanza kazini alikabidhiwa jagi la maziwa amimine kwenye vikombe mia mbili. Alimimina. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe habari hiyo.

Bwana wa idara ya kilimo alikuja mara moja, mpole, viatu vyake vikizama kwenye tope. Lambert alimwambia anataka kuwaua ng'ombe wote. Bwana huyo alisema sheria haimkatazi kuua mifugo yake, na wala haimsaidii. Fidia hulipwa kwa ng'ombe waliovuka kikomo. Shimo la serikali, vilevile, ni la waliovuka kikomo. Lambert akauliza kama anaweza kuwachoma moto.

"Huo unga ulitengenezwa usiungue, bwana Noordhof," alisema yule bwana. "Utapanda na moshi, utashukia kwa jirani."

Lambert akauliza, akiwafukia, unga utakaa ardhini muda gani. Bwana wa idara alisema nyama itaoza na mifupa italainika, lakini kuhusu unga hajaambiwa, na anadhani wakubwa wake nao hawajaambiwa.

Karibu shamba lote la Noordhof ni mchanga, na kisima kina kina cha futi arobaini tu. Maji ya juu huingia kwenye mchanga huo kama kwenye kitambaa. Udongo wa mfinyanzi, unaozuia maji, uko kwenye kona moja ya mashariki, ekari nne, ndiko mahindi yake hustawi kuliko kwingine kote. Lambert alipima kona hiyo kwa hatua, siku mbili, akisimama kupumzika kila baada ya safu. Alirudi akamwambia mkewe kwamba wakishawafukia ng'ombe huko hawatalima chochote kule, wala hawatamwuzia mtu eneo hilo bila kumweleza kilichomo. Jantina alimwambia aliandike, kwa sababu wao watakufa na udongo utabaki. Wameandika, na karatasi iko kwa mwanasheria mjini pamoja na hati ya shamba.

Klaas alikuja wiki iliyopita, mara hii akasimama nje, hakuingia kwa kahawa. Alisema ana bunduki mbili na siku nzima. Alisema pia, akitazama pembeni, kwamba yale aliyoyasema kuhusu mnada yalikuwa maneno ya mezani. Lambert alimjibu kwamba usiku mmoja yeye mwenyewe alikwishaandika nambari zilizo masikioni mwa ng'ombe kumi wa kupeleka huko, wale wenye kwato nzuri, kisha akaichana karatasi hiyo.

"Kwa hiyo usijione mbaya peke yako," akamwambia.

Jumanne tarehe 22 Aprili, barafu ikiwa imekwisha kuachia ardhi, katapila itafika saa mbili asubuhi kuchimba kwenye kona ya mashariki. Lambert atawakamua kwanza, kwa sababu ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa hatembei vizuri. Kisha yeye na Klaas watawaswaga kumi kumi hadi shimoni na kuwapiga risasi.