Chumvi kwenye Mfuko wa Dawa

Mama Ghala hakuwahi kumstahi mtu kwa sababu ya koti jeupe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipokea malighafi katika kiwanda cha dawa, na makoti meupe yalikuja yakaondoka, yeye akabaki na ufunguo wa ghala na ulimi wake.

Aliyemchefua kupita wote ni mkuu mpya wa maabara, waliyembandika jina la Bwana Digrii. Huyu alikomesha kuchota sampuli, akaleta kifaa cha mkononi. Unakigusisha kwenye mfuko, kinaumulika unga kwa mwanga usioonekana kwa macho, kinalinganisha na kumbukumbu zake, kisha kinaandika jina la dawa. Kumbukumbu zenyewe alizitengeneza peke yake kwa siku moja, akimulika unga ukiwa bado ndani ya ile mifuko miwili minene ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, inayokuja katika kila pipa, na aliyethubutu kuuliza aliitwa mshamba. Miezi mitatu kila pipa likapita. Kila pipa! Mama Ghala akasaini, maana ndiyo kazi.

Asubuhi moja likaja pipa la unga wa manjano, umegandamana mabonge. Kifaa kikasema ni parasetamoli safi. Mama Ghala akaweka kalamu chini.

"Saini, mama," Bwana Digrii akasema. "Mashine haina macho ya uzee."

"Ya kwangu yanaona manjano, baba, na parasetamoli ni nyeupe. Na nyumbani nina mjukuu ana homa, anakunywa dawa yetu hii hii."

"Nakupa mpaka saa sita. Usiposaini, rudisha ufunguo."

Kibarua kilikuwa kinaota nyasi, lakini hakubembeleza. Alipita kantini, akarudi ghalani, akachukua mifuko miwili mitupu kama ile ya mapipa, akautia mmoja ndani ya mwingine, akaijaza na kuifunga vizuri.

Saa sita akautua mzigo wake mezani. "Umebaki huu, bosi wangu. Nipimie wewe, mimi macho yangu ya uzee."

Bwana Digrii akapima mbele ya watu, kifua mbele, akasoma kama anayehutubia mkutano: "Parasetamoli. Imekubalika!"

Mama Ghala akaufungua mfuko, akachovya kidole, akakilamba.

"Chumvi ya kantini," akasema. "Mashine yako imekariri plastiki, msomi. Ungeufunga hata mtupu, ingekuitikia."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Digrii akageuza kifaa huku na huku, akitafuta pa kuficha uso. Mama Ghala naye alicheka, tena kwa sauti, mpaka alipolitazama faili la mapokezi lililokuwa wazi mezani. Miezi mitatu, kila ukurasa, na sahihi chini ni moja tu, yake.

Akaivuta simu ya mezani ya mkuu wa maabara, akapiga nyumbani.

"Mwanangu," akasema, na sauti haikuwa tena ya kucheka, "ile dawa ya mtoto niliyoileta mimi, umeshampa?"